Mapacha wawili, ada ya mmoja: jibu kwa mama wa Igombe

Swali (limefupishwa, barua yenyewe ina kurasa tatu):

"Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa hapa Igombe, Ilemela. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la tano, shule moja na darasa moja. Kulwa ana akili za kuzaliwa. Hashiki daftari lakini hatoki kwenye watano bora. Doto anajitahidi mno, usiku anasoma kwa tochi ya simu mpaka namnyang'anya, ila mtihani uliopita amekuwa wa 71 kati ya 94. Anasema anataka kuwa daktari. Kulwa ukimuuliza anajibu atavua kama baba yake mdogo. Sasa nimepata mgao wa kikoba, unatosha ada ya mwaka mmoja ya shule ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza, kwa mtoto mmoja. Mwalimu wao amenishauri nisipoteze hela kwa Doto, akimaliza la saba nimtafutie cherehani. Wamezaliwa siku moja, wamekula chungu kimoja, wanafundishwa na mwalimu mmoja, kwa hiyo tofauti yao ni akili tu, sivyo? Doto ananisaidia kuanika kwa kuwa ni wa kike, na kusema kweli ndiye anayenikumbusha nani namdai na nani ananidai. Nimpeleke mwenye kipaji au mwenye hamu? Na jambo la mwisho: Doto alitusikia tukijadili na baba yake, tangu siku hiyo amepoa. Nimwambie nini?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate: kwa sasa usimpeleke hata mmoja. Bweni si baya, na hela yako ina kazi kubwa ya kufanya, nitakuonyesha. Lakini ada uliyonayo ni ya mwaka mmoja. Darasa la sita atasoma kwa Kiingereza, la saba atarudi kwenye Kiswahili, mwaka huohuo wa mtihani. Mtoto wa namna hiyo nimempokea darasani kwangu zaidi ya mara moja. Anarudi na begi zuri na moyo uliovunjika, na wenzake wanamuuliza kila siku kwa nini amerudi.

Nilifundisha shule za msingi miaka 19, mingi nikiwa kwenye shule za ufukweni, kisha nikawa nafundisha walimu saikolojia ya elimu hadi nilipostaafu. Kwa hiyo ninayokuambia mengine ni ya vitabuni, na mengine niliyaona kwa macho yangu nikiwa na chaki mkononi.

Nilifika ukurasa wa tatu wa barua yako ndipo nikajua kwamba Doto ni msichana, na nimelijua kwa maneno matano: "kwa kuwa ni wa kike". Turudi basi kwenye hicho chungu kimoja. Ukurasa wa pili umeeleza asubuhi ya nyumbani kwako bila kukusudia. Kukiwa na giza, Doto unamwamsha saa kumi alfajiri mshuke mwaloni kuzisubiri boti. Mnapokea dagaa, mnaanika mchangani, anabaki kufukuza ndege hadi jua litoke vizuri, kisha anakimbia shule na kufika karibu saa tatu. Kulwa unamwamsha saa kumi na mbili kwa sababu, kama ulivyoandika mwenyewe, "asichoke kichwa". Chungu ni kimoja kweli. Usingizi ni tofauti, vipindi wanavyovipata ni tofauti, na hata sababu ya kuamshwa ni tofauti: mmoja anaamshwa alinde dagaa, mwingine analindiwa kichwa.

Tena mapacha wa kiume na wa kike hutokana na mayai mawili. Kwa damu wanakaribiana kama ndugu wowote, kama wanavyokaribiana na mdogo wao Shija. Wanaweza kabisa kuzaliwa na uwezo tofauti. Nalisema hili mapema usije ukadhani nataka kukuaminisha kwamba vipaji ni hadithi. Vipaji vipo. Nimemfundisha mtoto aliyekuwa akitamka jibu la hesabu kabla chaki yangu haijafika mwisho wa mstari, na nyumbani kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja. Ninachokataa ni kwamba wewe, mimi au mwalimu wao tunaweza kukiona kipaji cha Doto kwenye karatasi iliyoandikwa 71.

Sikiliza jambo hili, maana ndilo lililonifungua macho. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa mwalimu wa darasa kwenye shule iliyotazamana na mwalo. Mwisho wa muhula nilikaa na daftari la mahudhurio nikijumlisha siku za utoro, na nikaona kitu cha ajabu: alama za utoro hazikutawanyika. Zilikuja kwa mafungu, wiki mbili zimejaa, siku kadhaa nyeupe kabisa, kisha fungu jingine. Nilidhani ni malaria, nikadhani ni magulio. Mlinzi wa shule, mzee aliyekuwa amevua ujana wake wote, alilitazama daftari, akaniambia, "Mwalimu, huo ni mwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hauwavuti tena, boti zinapumzika, na watoto wanarudi darasani. Nilikuwa nimewaita watoro na wazito watoto waliokuwa wakisoma kwa kalenda ya mwezi. Mada ya sehemu katika hisabati tuliianza gizani, kwa hiyo sehemu hawakuzijua. Mada ya vipimo iliangukia mbalamwezi, na vipimo walivijua kama wenzao wote. Kwenye jumla ya alama hilo halionekani hata kidogo. Jumla inakuonyesha mtoto wa wastani wa chini tu.

Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza kwako haihitaji hata shilingi. Nenda kwa mwalimu wa darasa, umwombe kwa heshima mtazame pamoja daftari la mahudhurio la muhula huu na mitihani ya kila mwezi. Weka alama kwenye siku za giza. Tazama Doto amekosa vipindi gani vya asubuhi, kisha tazama maswali aliyoyakosa. Kama makosa yake yametapakaa kila mahali, mwezi haukuhusika, na tutatafuta sababu nyingine. Kama yamejikusanya kwenye mada zilizofundishwa yeye akiwa mwaloni, basi hujawahi kumpima Doto. Umepima dagaa.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonifanya niiweke barua mezani na kusimama kidogo. Umeandika kwamba Doto ndiye anayekukumbusha nani unamdai na nani anakudai. Umeipitisha kama unavyosema mtoto ni mtiifu. Hebu fikiria anachokifanya. Mwanamke wa kwanza amechukua ndoo tatu kwa mkopo, amelipa nusu, akaongeza ndoo moja kwa bei iliyopanda. Wa pili alikupa hela kabla, dagaa hawakutosha, ukabaki unadaiwa sado nne. Mtoto wa miaka 11 anabeba hayo yote kichwani, wiki baada ya wiki, na hakosei, maana angekosea ungekuwa umeshamnyang'anya kazi hiyo. Kisha anaingia darasani anaandikiwa kwamba hisabati hajui.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil walichapisha walichokiona kwa watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani katika jiji la Recife. Waliwaendea kama wateja: nazi moja bei gani, kumi je, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi? Watoto walipata karibu maswali yote, 98 katika kila 100. Baadaye wakawekewa hesabu zilezile kwenye karatasi kwa mtindo wa shule, namba tupu bila nazi, wakapata kama 37 tu katika kila 100. Kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kuulizwa. Watoto watano ni wachache, lakini kila mwalimu wa ufukweni anayeyasikia hayo anamkumbuka mtoto wake. Mimi ninao kama kumi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu wao, bila kumvunjia heshima. Ana watoto 94 mbele yake na kengele haimsubiri. Mtoto anayenyoosha mkono anamwona, anayefika saa tatu ana mchanga miguuni anakaa nyuma, na akikaa nyuma haulizwi. Ushonaji ni kazi nzuri, imesomesha watoto wengi Mwanza hii. Lakini cherehani unayochaguliwa ukiwa na miaka 11, kabla hujapimwa, ni mlango unaofungwa.

Suala la afya nitalisema kwa msisitizo, kwa sababu kwa watu wa ziwani haliji la pili. Doto anaingia majini kuchota na kuosha, Kulwa anaogelea. Kichocho cha matumbo kimeenea sana kando ya ziwa letu. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Mtoto mwenye kichocho anaweza kukaa nacho muda mrefu bila kulazwa: tumbo linamsumbua, damu inapungua, anachoka, anasinzia, na darasani anaitwa mzito. Dawa ipo, praziquantel, na shuleni hutolewa wakati wa kingatiba. Lakini kingatiba hutolewa kwa siku maalumu, na mtoto aliyeko mwaloni siku hiyo anaikosa. Muulize Doto kama alimeza mara ya mwisho. Kisha wapeleke wote wawili kituo cha afya wapimwe kichocho, minyoo na wingi wa damu, na macho yao yaangaliwe. Mtoto anayekaa nyuma na haoni ubao hajui kwamba haoni, anadhani kila mtu anauona ubao hivyo.

Unaniuliza tena kama si kweli kwamba mtihani huwachuja wenye akili. Tazama nchi yetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, watoto waliomaliza shule ya msingi na kupata nafasi ya sekondari walikuwa takriban 13 kati ya kila 100. Waliobaki wakarudi vijijini wakiitwa walioshindwa, na wengi wao walikufa wakiamini hivyo. Baada ya mwaka 2004 zikajengwa shule za kata, na ghafla watoto walewale wa vijiji vilevile wakawa "wamefaulu" kwa wingi. Watoto hawakubadilika, madawati yaliongezeka. Shule hizo zina upungufu mkubwa, walimu wa sayansi hasa, na mimi nimewalalamikia wakubwa kuhusu hilo hadi nikachokwa. Lakini zilituonyesha kwamba mstari kati ya mwenye akili na asiye nayo tulikuwa tukiuchora kwa kuhesabu viti.

Na wale wenye vipimo vya kitaalamu hukosea pia. Kuanzia mwaka 1921 huko California, mwanasaikolojia Lewis Terman aliwatafuta kwa vipimo vya akili watoto wenye vipaji vya juu kabisa, akapata zaidi ya elfu moja na kuwafuatilia maisha yao. Wavulana wawili waliopimwa waliachwa kwa kuwa alama hazikutosha: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine 1968. Katika wale wote waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyeipata. Wengi wao walifanya vizuri maishani, sisemi kipimo hakikuona kitu. Lakini nikisikia mwalimu anamtolea hukumu mtoto wa darasa la tano, nawakumbuka hao wawili.

Tumwangalie Kulwa sasa, maana naye namwonea huruma kwa namna nyingine. Tangu akiwa mdogo anaambiwa ana akili za kuzaliwa. Mtoto akishaambiwa hivyo, kushika daftari kunakuwa ni kukiri kwamba hana. Leo inampitia kwa sababu darasa la tano halijamzidi. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yatageuka Kiingereza kwa siku moja, na hapo sikio jepesi pekee halitoshi, inatakiwa tabia ya kukaa na kitu usichokielewa hadi kieleweke. Doto tabia hiyo anayo tayari, kaijengea kwenye tochi ya simu. Kulwa hana. Nimeona wavulana wa watano bora wakianguka kidato cha pili, na waliokuwa wa thelathini wakiwapita. Kwa hiyo acha kumsifia akili. Msifie siku aliyokaa saa nzima na swali gumu, na kama maswali ya shule ni mepesi kwake, mwombe mwalimu ampe ya darasa la sita.

Kutaka kuvua si kukosa hamu. Amemtaja baba mdogo kwa sababu ndiye mtu anayemwona akitoka na kurudi na kitu. Mtoto hutamani alichokiona kwa karibu. Nyegezi hapa Mwanza kuna chuo cha uvuvi, Jumamosi moja mpeleke akatazame tu kwamba ziwa nalo linasomewa: samaki, injini za boti, ubora wa minofu. Doto naye, huyo udaktari ameuona wapi? Muulize. Kama ni muuguzi mmoja wa zahanati aliyemfunga kidonda akatabasamu, mrudishe kwa muuguzi huyo amuulize alisoma masomo gani.

Na hamu hukua inapoona njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Busia upande wa Kenya, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa kwamba watakaokuwa kwenye asilimia 15 ya juu wangelipiwa ada kwa miaka miwili. Alama zilipanda, na hata wasichana waliokuwa nyuma sana, ambao hesabu ya kawaida isingewapa nafasi ya kushinda, nao walipanda. Walimu pia wakawa wanahudhuria zaidi. Kwa hiyo unaponiuliza kipaji au hamu, naona umeweka kwenye mizani vitu visivyopimwa pamoja. Bila nafasi, vyote viwili vinalala.

Sasa hela. Kitu cha kwanza kununua ni vichanja vya kuanikia: miti, wavu na fundi wa siku mbili. Najua umeniuliza habari za shule nami nakujibu habari za dagaa, lakini nimelipima. Dagaa wa kichanjani wanakauka haraka kuliko wa mchangani, hawana mchanga, na wanunuzi wanawapa bei nzuri zaidi. Weka chandarua juu, na ndege hawahitaji mtoto wa kuwafukuza. Wiki za giza tafuta mama mmoja akusaidie kuanika, umlipe kwa ndoo. Hapo utakuwa umemnunulia Doto vipindi viwili vya asubuhi kila siku ya giza, hadi darasa la saba. Hakuna ada ya bweni inayoweza kununua hivyo kwa bei hiyo. Kazi zinazobaki ziwe za wote wawili: Kulwa ana mikono.

Kinachobaki kigawe kwenye vitabu vya Kiingereza na hisabati vya kusomwa na wote, taa ya sola ili tochi ya simu ipumzike, na tuisheni ya Kiingereza siku za Jumamosi kwa mwalimu unayemwamini, wote wawili. Kingine rudisha kwenye kikoba. Ada ya shule za serikali si kikwazo tena: tangu Januari 2016 ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita pia. Sare na madaftari bado ni juu yako, na hapo ndipo utakapoihitaji hela hiyo, mara mbili kwa siku moja, kwa kuwa mapacha huanza kidato cha kwanza pamoja. Kulwa akiendelea vizuri anaweza kuchaguliwa shule za vipaji maalumu kama Ilboru au Mzumbe. Doto ana Kilakala na Msalato. Zote ni za serikali.

Baba yao msomee barua hii. Akisema binti ataolewa tu, mwulize nani atashika hesabu za dagaa mwaka huo.

Na Doto. Usimwambie hakusikia alichosikia, amesikia. Mwite peke yake, msiwe mnafanya kazi, umwambie mlikuwa mkijadili kabla hamjajua vya kutosha, na kwamba hamjamchagua mtu. Usimwahidi udaktari. Mwambie kuanzia giza lijalo hatashuka mwaloni siku za shule, na kwa nini. Kisha mpe daftari jipya na kalamu, umwombe akuandikie yale madeni yote aliyonayo kichwani: jina, ndoo, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Akimaliza, lipeleke daftari hilo kwa mwalimu wake, lakini mwache Doto mwenyewe alikabidhi.